Baraza Limeoza

Watu wa Kisenyi, mtaa wa Kampala, hawajui kusema kidogo, na kamati ya nyumba ya chuo iliwazidi wote. Nyumba hiyo ilijengwa na mababu waliokuja na misafara ya pwani, wakaoa huku, wakazikwa huku, na watoto wa mtaa walisomea Kurani ndani yake tangu enzi hizo. Ilipoanza kuchoka, wenye maduka na wenye gereji, pamoja na wapangaji wachache wa familia za polisi, walianzisha mfuko wa kuitunza na kuchagua kamati ya kuusimamia. Na kwa kuwa mali ya wengi haikosi maneno, kamati ikajiwekea desturi: hakuna senti itakayotoka kwa siri. Kikao kinakaa nje, barazani, kila apitaye asikie. Uamuzi ukipatikana, Bi Hindu anasimama na kuutangaza mara tatu kuelekea barabarani.

Sauti ya Bi Hindu, jamani! Kaka yake, Mwalimu Nasser, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alipenda kumtania kwamba akiita kuku wake Kisenyi, kuku wa Kansanga kule mbali wanaitika.

Ijumaa ile baada ya alasiri walimwita fundi Dawudi aeleze hali ya nyumba. Dawudi akagonga nguzo moja kwa nyundo, na vumbi la mchwa likamwagika mpaka kwenye viatu vyake.

“Lubalaza imekufa, Mwalimu,” alisema, akiliita baraza kwa neno la Kiganda. “Tukiiacha, mvua ya mwezi ujao itaiangusha juu ya watoto.”

Nasser hakupenda. Zile nguzo za mvule zilichongwa na babu yake, na baadhi bado zilikuwa nzima. Akataka nzima zibaki, mbovu zibadilishwe. Adyero, mke wa Sajini Ochan wa polisi, aliyewakilisha wapangaji kwenye kamati, yeye alitaka kujua kwa nini fundi anaomba saruji nyingi hivyo. “Ama unajenga na kwako Bukoto?” aliuliza. Watu wakacheka, Dawudi naye akacheka kidogo, akapunguza mifuko. Wakakubaliana kuvunja na kujenga upya, nguzo nzima zibaki. Bi Hindu akasimama, akajitengeneza ushungi.

“Kamati imekubali! Baraza limeoza! Livunjwe, tuweke jipya!”

Alisema mara tatu, kama ilivyo desturi. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja wa shati la maua na miwani myeusi alikuwa akinunua sigara. Bi Hindu alimwona akigeuka, akadhani amependezwa na sauti.

Asubuhi yake gari likasimama mlangoni, gari lisilo na namba. Wakashuka wanaume watatu, yule wa shati la maua mbele yao.

“Nani mkubwa ya kamati?”

Bi Hindu alikuwa kizingitini na ungo wa mchele. Alifungua mdomo, lakini Nasser alimtangulia.

“Ni mimi.”

“Twende. Utatuambia hiyo baraza mpya.”

Hawakumpa nafasi hata ya kuvaa kanzu. Walimkunja wakamtia kwenye buti la gari, mtu mzima wa miaka sitini, mwalimu wa mtaa mzima, wakafunga kifuniko. Ndara yake moja ikabaki barabarani. Majirani waliokuwa wakifungua maduka wakayafunga tena, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Kampala nzima ilijua kwamba aingiaye kwenye buti la watu wa usalama haulizwi tena, na anayemwulizia humfuata.

Bi Hindu alikwenda kwa Adyero. Adyero alimvuta ndani, akafunga dirisha, akaongeza sauti ya redio.

“Bi Hindu, jana ulisema nini pale nje?”

“Si ulikuwapo? Nilisema baraza limeoza.”

“Mimi nimekaa na nyinyi, najua baraza ni pale mnakaa mnakunywa kahawa. Watu ya kambi ya jeshi hawajui hiyo. Kwa Kiswahili ya kambi, baraza ni wakubwa. Ni mawaziri. Wewe umesimama kwa barabara umesema serikali imeoza, ivunjwe, iwekwe mpya.”

Bi Hindu akakaa sakafuni bila kutafuta kiti. Aliogopa namna ambayo hakuwahi kuogopa tangu azaliwe. Maneno yalikuwa yake. Kaka yake alikuwa ameyabeba.

“Sajini hawezi kwenda kuwaeleza?”

“Sajini ni Mwacholi,” Adyero alijibu polepole. “Siku hizi serikali inawinda Waacholi. Mwacholi akienda kuuliza mtu, kesho nyumba yake inauliza yeye yuko wapi. Nisamehe.” Akamshika mkono. “Lakini watarudi. Watataka wengine ya kamati. Wakirudi, usieleze. Maneno ndiyo yamewaleta. Waonyeshe.”

Angeweza kukimbia. Binti yake alikuwa Kansanga, na nauli ilikuwepo. Dawudi, kwa mfano, habari zilipomfikia alitoweka, hata vifaa vyake akaviacha uani. Bi Hindu alifika mpaka kona akiwa na kifurushi, akaiona ile ndara imelala pale pale, akarudi. Alitoa mtaimbo wa Dawudi uani, akauegemeza kwenye nguzo, akakaa barazani peke yake kungoja. Kila gari lilipopunguza mwendo, alisimama.

Adhuhuri lile gari lisilo na namba likarudi. Safari hii alishuka ofisa mmoja mrefu, mpole wa sura, na huo upole ndio uliomtisha Bi Hindu zaidi.

“Wapi ile mama ya sauti?”

“Ni mimi, afande.”

“Baraza gani imeoza?”

Alikuwa amepanga maelezo mengi. Akayameza. Aliupiga ubao wa nguzo kwa kiganja.

“Hii, afande,” alisema, akikisema Kiswahili chao. “Baraza ni hii.”

Ofisa akapanda, akachomoa kisu kiunoni, akadunga nguzo. Kisu kikaingia mpaka mpini. Mchwa wakamwagika. Askari mmoja alianza kucheka, akamwona mkubwa wake hacheki, akaacha.

“Ulisema ivunjwe?”

“Ndiyo, afande.”

“Vunja.”

Bi Hindu akaushika mtaimbo kwa mikono miwili, akapiga. Alipiga vibaya, mtaimbo ukamrudia begani. Akapiga tena. Kisha akasikia jembe likigonga nguzo kando yake, akageuka: Adyero, khanga kiunoni. Mumewe angemkataza, na angekuwa na haki. Wanawake wawili wakaangusha nguzo mbovu ya kwanza na ya pili, na mabati ya ukingo yakaporomoka kwa kishindo.

“Na ile,” alisema ofisa.

“Ile nzima, afande. Imechongwa na...”

“Na ile.”

Wakaivunja. Wakavunja zote, mbovu na nzima, zenye maua ya babu na zisizo nayo. Ofisa alipowaonyesha benchi la mawe ambalo wazee walilikalia mpaka likang'aa, wakalibomoa pia, jiwe kwa jiwe, mpaka ukuta ukabaki uchi na mlango ukaning'inia juu ya ardhi bila pa kukanyaga.

Ofisa akapangusa vumbi kwenye kiatu.

“Sasa ile mpya. Ulisema mnaweka mpya. Hiyo mpya, nani atakaa?”

Bi Hindu akaelewa kwamba yale yote yalikuwa utangulizi na swali ni hili. Wazee wa kahawa, walimu, Adyero: kila jina alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa mtu, na kila mtu alikuwa na watoto.

“Hakuna, afande. Hatuweki mpya.”

“Kamati ilisema.”

“Kamati hakuna.”

“Sema wasikie.”

Akageukia barabara. Alitaka sauti yake, na sauti ikakataa. Kilichotoka kilikuwa cha mgonjwa. “Kamati hakuna.” Ofisa akatikisa kichwa, akangoja. Akasema tena kwa nguvu zote zilizobaki, machozi yakimtoka, na safari hii mtaa ulisikia.

Ofisa akaashiria kwa kidole. Buti likafunguliwa.

Walimtoa Nasser wakamwacha kama mzigo wa sokoni, wakaondoka. Alikuwa hai. Jicho moja limefungwa kwa uvimbe, mguu mmoja hauna kiatu, lakini hai, na Bi Hindu alimkumbatia akilia kwa sauti bila haya. Nasser alijikokota mpaka mbele ya nyumba, akageuka, akarudi nyuma hatua moja ili akae, kama alivyokaa pale kila siku ya maisha yake. Akaanguka chali kwenye kifusi.

Bi Hindu akakimbilia kumwinua. Akaona hawezi, akakaa chini kando yake, kwenye vumbi.

“Nisamehe, kaka. Nimezivunja zote.”

Nasser hakutazama zile nguzo. Alikuwa akitazama barabara, upande huu na upande ule, kisha akamshika dada yake mkono na kunong'ona:

“Tuingie ndani, Hindu. Tusionekane tumekaa wawili.”