Héritière na Fainali Mbili za Siku Moja

Mpira wa kwanza wa softboli kufika mikononi mwa Héritière Nabintu ulikuwa umepotea njia. Uliruka uzio wa uwanja wa chuo pale Doornfontein, ukamjia akiwa katikati ya mazoezi ya netiboli. Akaudaka kwa mkono mmoja, akaurudisha kwa nguvu zile zile anazorushia mkuki. Ukapita juu ya wachezaji wote, ukatua puu! kwenye glavu ya mdakaji aliyekuwa ng'ambo kabisa.

Mwanamke mfupi akaja mbio, filimbi ikimrukaruka kifuani.

"Nani karusha ule?"

"Samahani, kocha," Héritière akasema, akidhani amevunja kitu.

"Samahani ya nini, mwanangu? Kesho saa kumi nakutaka kwangu!"

Huyo ndiye Mwanaasha, Mmombasa aliyefundisha softboli Johannesburg miaka mingi bila kujifunza kuongea polepole. Basi kocha wa netiboli akakataa kumwachia Héritière, wa mkuki naye akakataa, na Héritière mwenyewe hakutaka kuacha chochote. Akacheza yote matatu. Kufika mwaka wa tatu alikuwa nahodha wa netiboli, ana medali mbili za mkuki, na timu ya softboli ilikuwa ikimtegemea kwa kigongo, ile fimbo ya kupigia mpira.

Mama yake, Arlène, alikuwa hajamwona akicheza hata mara moja. Alikuwa na saluni Turffontein, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanapojaa. Héritière alimweleza softboli mezani kwa vijiko na vikombe, kila kikombe kituo, na kile cha kuanzia na kumalizia kinaitwa nyumbani.

"Ngoja kwanza," Arlène akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Unatoka ku nyumba, unazunguka vikombe vyote, unarudi tena ku nyumba? Si ungebaki tu?"

Sasa, mwezi wa kumi, fainali ya netiboli na ya softboli zikaangukia Jumamosi moja. Ijumaa jioni Arlène alikuwa akimsuka, umeme ukakatika kichwa kikiwa nusu. Asubuhi Héritière akaingia uwanjani upande mmoja misuko, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona mzimu. Wapinzani walicheka robo ya kwanza tu. Kombe likabaki Doornfontein.

Kabla ya saa nane, fainali ya softboli ikikaribia kuanza, akamwona mama yake akipita getini na pakiti ya nywele kwapani.

"Mama! Na saluni?"

"Nimefunga. Mutoto wangu hawezi kupiga picha na kombe vile. Kaa!"

Akamsuka kwenye benchi, mbele ya timu nzima. Kila Héritière alipotoka kulinda uwanja, alirudi akakaa tena chini ya chanuo. Zamu ya saba, ya mwisho, walikuwa nyuma kwa pointi moja, mwenzao mmoja yuko kituo cha pili, wawili wameshatolewa.

"Héritière, kigongo!" Mwanaasha akapiga kelele.

"Bado musuko moja!" Arlène akajibu.

"Mama, niache!"

Alikimbia akiwa amevaa kofia juu ya chanuo lililonasa kwenye nywele. Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili akauona mkubwa kama papai, akaupiga kwa mwili mzima. Ukapita juu ya walinzi, ukabingirika hadi kona ya uzio. Héritière akatimka. Kituo cha kwanza, cha pili. Kofia ikadondoka, chanuo likafuata. Nje ya uzio Arlène naye alikuwa anakimbia, viatu mkononi.

"Rudi ku nyumba! Rudi ku nyumba!"

Mwenzake alishafika nyumbani, pointi zikawa sawa. Mpira ukaja ukivuma. Héritière akajitupa chini, akateleza kwenye vumbi, mwamuzi akatanua mikono: salama!

Arlène akaingia uwanjani mbio, akamkaba kocha shingoni. "Amefika?"

"Amefika, mama! Tumeshinda!"

Vigelegele vyake viliwasimamisha hata waliokuwa wakipita barabarani.

Wiki iliyofuata timu mbili za mkoa zikampigia simu, ya netiboli na ya softboli, na safari hii ilibidi achague. Alikuwa saluni, anamsaidia mama yake kuosha mteja nywele.

"Softboli," akasema, akakata simu.

"Lakini netiboli ndiyo ulianza nayo," Arlène akashangaa.

"Kwenye netiboli nashinda, mama. Kwenye softboli nashinda huku nacheka."

Arlène akamtazama, akaanza kucheka yeye mwenyewe. Halafu akatoka nje na povu la shampuu mikononi, akawatangazia majirani, wenye spaza, vile viduka vya mtaani, na madereva wote waliokuwa wanasubiri robot, taa ya barabarani, igeuke kijani.