Mkojo wa Kabla ya Chai

Kwa miezi minane Mehnaz Kidwai alikuwa akipima mikojo ya wanaume katika maabara ya hospitali moja ya Lucknow, akisaka kemikali za kufichua saratani ya tezi dume bila mgonjwa kuchomwa sindano na kunyofolewa nyama. Majibu yalipotoka, wagonjwa walikaa upande mmoja wa mchoro na wazima upande wa pili, hata kugusana hawakugusana. Kemikali kumi na nane ziliwatenganisha. Profesa Nigam, mkuu wake, akaanza kuandika ripoti siku hiyohiyo.

Mehnaz hakushangilia. Kemikali iliyoongoza aliijua: huongezeka kwenye mkojo mtu akinywa chai. Akashuka wodini kumuuliza muuguzi wagonjwa hutoa mkojo saa ngapi. Akaambiwa ni alfajiri, kabla ya upasuaji, hawajatia kitu kinywani tangu jana yake. Wazima nao, wastaafu wa reli kutoka mtaa wa Alambagh, walikuwa wakija saa tano, wameshashiba.

Akarudi kwa Profesa, akamwambia wamepima kifungua kinywa, si ugonjwa. Profesa akamuuliza anataka nini.

"Miezi minne, nianze upya. Jibu lipo, mwalimu, ila si hili."

Akawafuata wastaafu kwenye kibanda chao cha kuchezea karata, akawaomba walete mkojo wa asubuhi kabla ya chai. Lalta Prasad, aliyekuwa dereva wa treni, akatikisa kichwa.

"Binti, mke wangu akiniona nimeshika kopo badala ya kikombe, atasema nimerukwa na akili."

"Mwambie umepata ajira, baba. Kazi yenyewe unaifanya umesimama."

Kibanda kizima kikacheka, Lalta akiwazidi wote. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu walikuwa kumi na mmoja getini, wanapiga miayo na kunung'unikia chai.

Safari hii kemikali kumi na nne zilipotea. Zikabaki nne. Mehnaz akamwomba muuguzi amletee makopo hamsini mapya ya mkojo, ya wagonjwa na wazima, bila majina. Akapima, akaandika lipi la mgonjwa na lipi la mzima, kisha bahasha ya majina ikafunguliwa mbele ya Profesa. Alipatia arobaini na moja.

"Nne tu?" Profesa akauliza.

"Nne, lakini ni za ugonjwa wenyewe."

Profesa akaifuta ripoti ya zamani. Mehnaz alishavuta kiti, anatafuta kwa nini wale tisa walimponyoka.