Mkono wa Achuka

Achuka alirudi kutoka Sericho Ijumaa jioni, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, na kabla hajavua viatu akamwambia mkewe, "Kesho usifungue duka. Nataka twende mahali maji yanamwagika bure."

Rahab alidhani ni mzaha. Mumewe alikuwa fundi wa pampu za visima. Alikuwa akienda huko mashariki ambako wanawake hushinda kisimani wakingojea mtungi mmoja, na kila mara alirudi nyumbani kama mtu aliyegombana na dunia nzima. Mwaka huo alikuwa amekaa Sericho zaidi kuliko alivyokaa kwake Chechelesi, Isiolo. Rahab alikuwa na duka la dawa za mifugo mjini. Akifunga duka alikula peke yake, akaosha sahani moja, akalala. Mara ya mwisho walipozungumza kwa simu alimwambia wazi kwamba amechoka kuolewa na namba ya simu. Kabla Achuka hajajibu simu ikakatika, au aliikata yeye.

"Maji gani?" Rahab akauliza. "Wewe hata kuogelea hujui."

"Si wewe unajua? Utanifunza."

Alikuwa akitabasamu. Rahab alikuwa hajauona uso ule siku nyingi, akaenda kukanda unga wa chapati za safari.

Asubuhi walipanda pikipiki ya Achuka wakashika njia ya mlimani. Kadiri walivyopanda, joto la Isiolo lilibaki nyuma, miti ikaongezeka, na Rahab akajifunga leso mabegani. Penye msitu walimkuta mzee Kaberia, Mmeru aliyezoea kuwaongoza wageni hadi kwenye maporomoko. Alitazama mawingu yaliyofunika kilele cha Mlima Kenya.

"Huku chini ni jua," akasema, "lakini huko juu sijui. Mkiona maji imebadilika rangi, tokeni haraka. Msiniulize mbona."

"Sawa mzee," Achuka akajibu, naye tayari alikuwa mbele yao njiani.

Yalikuwa maporomoko matatu, moja juu ya jingine. La chini lilimwagika kwenye kidimbwi cha buluu, na ubaridi wa maji yale uliwafanya wote wawili wapige kelele. Kaberia alikaa kando akivuta sigara, akiwapa mgongo kwa heshima. Rahab aliogelea hadi ukutani na kurudi. Achuka alisimama maji yakimfika kifuani, mikono hewani kama anayesalimisha bunduki, na Rahab alicheka hadi akameza maji.

"Lala," akamwambia. "Nimekushika."

Akalala. Rahab aliweka viganja chini ya mgongo wake, akauhisi ule mwili mzito ukilegea polepole. Achuka alifumba macho.

"Kule Sericho," akasema, "nikisikia pampu imeanza kuvuta, huwa naweka sikio kwa bomba. Kwanza ni hewa tu. Halafu maji inakuja." Akafumbua macho. "Nimeomba waniweke hapa Isiolo. Wamesema wataangalia."

"Kweli?"

"Nimeomba, Rahab."

Rahab aliendelea kumshika, na mikono ilipoanza kufa ganzi hakuiondoa.

Baada ya kula Achuka akataka kupanda. Mlimani alikuwa mtu mwingine. Alikulia Kipsing akifuata mbuzi wa mama yake kwenye majabali, na sasa alivua viatu akaukwea mwamba kando ya poromoko la pili bila kupapasa. Rahab alimfuata kwa magoti na kucha, Kaberia akimwonyesha pa kukanyaga. Walipofika juu, Achuka alikuwa ameshavuka mto kwa kurukia mawe. Alisimama ng'ambo, juu ya jabali lenye majani, akipunga mikono.

"Nipige picha!"

Rahab akatoa simu. Ndipo alipoona kwenye kioo chake kwamba maji kati yao hayakuwa meupe tena. Yalikuwa na rangi ya chai.

Kaberia alishapiga ukelele. "Baki huko! Usivuke! Panda juu!"

Labda Achuka hakusikia. Au alisikia, na kilichomjia akilini ni kwamba mkewe yuko upande wa pili. Alirukia jiwe la kwanza, akarukia la pili. La tatu lilikuwa limeshafunikwa. Rahab aliona mguu wake ukiteleza, mwili ukigeuka, halafu hakuona kitu.

Walishuka mbio kwa njia waliyopandia. Walimkuta kwenye ukingo wa ng'ambo wa kidimbwi kilichokuwa katikati ya maporomoko, amelala nusu juu ya mwamba, ameshika mzizi. Mguu mmoja ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Lakini alikuwa hai, uso wake umewageukia.

"Ninaenda kuleta kamba na watu," Kaberia akasema. "Madam, wewe kaa hapa. Usiingie hiyo maji. Umesikia?" Akakimbia, mzee yule, akianguka na kuinuka.

Rahab akabaki. Kati yake na mumewe hapakuwa hata na upana wa barabara ya lami. Kwa siku ya kawaida angeuvuka upana ule kwa pumzi moja. Alimwita kwa jina, akaona mdomo wa Achuka ukifunguka na kufungika, lakini mngurumo ulimeza yote. Magogo yalipita yakigongana. Akavua leso, akaingia hadi magotini, akaongeza hatua, na mto ukamng'oa mguu mmoja kana kwamba kuna mtu aliyeuvuta. Alianguka, akashika jiwe, akajiburuta hadi nje. Alipoinua kichwa, Achuka alikuwa ameuachia mzizi kwa mkono mmoja. Mkono huo alikuwa ameuinua.

Aliutikisa mara kadhaa. Vidole vilienda chini na juu, au kiganja kilisukuma mbele na nyuma. Rasharasha za maji zilikuwa nyingi na Rahab machoni ana mchanga. Njoo, au usije. Alisimama pale akiutazama ule mkono, na mwili wake ukachagua kabla ya akili. Alikaa chini, akalikumbatia lile jiwe.

Achuka akaushusha mkono, akashika mzizi tena. Hakuacha kumtazama. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kwapani. Rahab alipiga mayowe hadi sauti ikakauka. Watu walipokuja na kamba, mwamba haukuonekana tena.

Walimpata Jumapili, chini kabisa, mahali mto unapotulia karibu na mashamba ya vitunguu.

Alizikwa kwao Kipsing. Mama yake, Nakuam, hakulia mbele za watu. Aliwapokea wageni, akaonyesha mahali pa kuchimba, akashika mkono wa mchungaji wakati wa kuomba. Asubuhi iliyofuata alimkuta Rahab jikoni akipuliza moto, akaketi karibu naye.

"Rahabu," akasema, kwa kuwa ndivyo alivyolitamka jina hilo siku zote. "Wewe unajua kuogelea?"

"Najua, Mama."

"Na ulikuwa karibu."

"Nilikuwa karibu. Niliingia kidogo maji ikaniangusha, nikatoka. Niliogopa, Mama." Akatazama moto. "Aliinua mkono."

"Namna gani?"

Rahab akauinua wake. Akaangusha vidole, na ikawa njoo. Akajaribu tena kwa kusukuma kiganja, na ikawa usije. Akajaribu mara nyingine, na mkono ukakwama hewani. Nakuam aliutazama kwa makini, kama anayetazama mnyama mgonjwa. Kisha akauchukua ule mkono, akaushusha kwenye goti la Rahab, akainuka.

Mchana wanaume walikuwa wameketi kivulini. Ebei, mdogo wake Achuka, alisema kwa Kiswahili ili Rahab asikie, "Mimi nauliza tu. Mtu anajua kuogelea anakaa aje kando ya maji mpaka bwana yake anaisha?"

Hakuna aliyemkemea. Rahab alisimama na sufuria mikononi.

Nakuam alitoka ndani. "Alimkataza," akasema. "Ndugu yako alimkataza na mkono. Mimi nimeonyeshwa."

Ebei akainamisha kichwa. Mzee mmoja akaitikia, mwingine akaomba chai, na jambo hilo halikutajwa tena. Rahab alimtafuta mama mkwe kwa macho. Nakuam alimpita akibeba maji ya wageni, na hakumtazama.

Baba yake Rahab, Mbuthia, ndiye aliyekuja kumchukua. Alitaka kumpeleka kwao Nyeri lakini Rahab alikataa, akarudi Chechelesi, akafungua duka. Mwanzoni alituma sukari na majani ya chai Kipsing. Aliambiwa vimefika. Alipiga simu, ikapokelewa na watoto wa boma.

Wachungaji wa mifugo wa upande ule huja dukani kwake hadi leo kununua dawa ya minyoo na ya kupe. Wanampa pole, wanaketi kidogo kwenye benchi. Rahab huwauliza habari ya mama.

"Mama ni mzima," husema.

Huwangoja waongeze kitu. Hufunga dawa kwenye gazeti taratibu ili wapate muda, lakini hakuna aliyewahi kumletea salamu.