Wa Mlangoni

Theodory hakuwa mwizi, hilo lisemwe mapema kabla watu hawajaanza kumsema. Alikuwa fundi wa mitambo ya mafuriko iliyoletwa na wafadhili, mmoja Kilosa kwenye Mto Mkondoa, mwingine kwenye kivuko nje ya Mikumi. Kila mtambo ulikuwa na kipimo cha maji huko milimani na kingine pale pale mtoni. Maji yakijaa kwenye kipimo chochote, taa nyekundu inawaka. Yakiwa salama inawaka ya kijani, na watu wanavuka.

Siku ya kuuwasha ule wa Mikumi, mzee Saruni, mfugaji aliyezoea kuvusha ng'ombe hapo, aliuliza sanduku lile linajuaje mambo ya milimani. Theodory akafungua kifuniko akamwonyesha mikroprosesa, ubongo wa mtambo. Pini zake, vile vijiti vya kupitishia habari, hazitoshi, akamweleza, kwa hiyo zile zile hufanya kazi mbili: kwanza hutoa anwani, yaani kipimo kipi kiulizwe, kisha hugeuka kupokea jibu. Ni kama zizi lenye mlango mmoja. Jina la ng'ombe linaitwa mlangoni, na ng'ombe mwenyewe anapita hapo hapo. Lazima awepo wa mlangoni alishike lile jina, la sivyo atapita ng'ombe mwingine kabisa. Kazi hiyo ilifanywa na chipu ndogo pembeni.

Saruni alicheka mpaka akajifuta machozi. "Basi huyo wa mlangoni asisinzie, fundi."

Masika ya mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, chipu ya namna hiyo ikafa kwenye mtambo wa Kilosa. Mtambo ukawa unauliza milimani, unajibiwa na kipimo cha mtoni, na mto wenyewe bado mtulivu. Theodory aliligundua upesi, maana namba zilifanana kutwa nzima. Aliomba chipu nyingine, akaambiwa fedha za kigeni hakuna, asubiri. Asubiri nini, jamani, na dada yake Magreti yuko bondeni kando ya Mkondoa, ndio kwanza amejifungua? Alimsihi ahame. Magreti akamuuliza ahamie wapi na uzazi mbichi.

Basi Theodory akaenda Mikumi, akachomoa chipu nzima na kupachika ile mbovu mahali pake. Angeweza kuuzima mtambo, na kuuzima kungetosha kabisa, maana bila taa watu wasingeuamini mto. Lakini mtambo uliozimika ungeleta maswali, na mwaka ule kung'oa mali ya umma ilikuwa jela moja kwa moja. Aliogopa. Akajiambia milima ya huku imekauka, atarudisha karibuni. Taa ikawaka kijani, akafunga kifuniko akaondoka na ile nzima kwenda Kilosa.

Mvua ikaja, na haikuchagua mlima. Kilosa taa nyekundu ikawaka mapema, watu wa bondeni wakatoka na watoto na mabakuli yao. Nyumba ya Magreti ilikwenda na maji, lakini yeye na mtoto walikuwa wameshapanda juu kwa kaka yake. Theodory alilia kwa furaha bila kuona haya.

Maji yalikuwa hayajakauka barabarani mzee Saruni alipofika hapo nyumbani, matope mpaka magotini. Theodory alikuwa amempakata mpwa wake. Akainuka, akampa shikamoo, na mzee akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Hakutaka kiti. Alisimulia kuwa binti yake Naeku aliitazama taa, akaiona ni ya kijani, akawaingiza ndama mtoni. Maji ya milimani yaliwakuta katikati. Ndama wawili watatu walijinasua. Naeku walimkuta chini huko, kwenye mizizi. Mzee alisema hakuja kugombana, ana swali moja tu.

"Fundi, wa mlangoni alisinzia?"

Angeweza kuitikia ndiyo yakaishia hapo. Chipu zinakufa, nani angebisha? Mtoto akajinyoosha mikononi mwake.

"Hakusinzia, mzee. Nilimtoa mimi, nikamleta huku."

Saruni akamsogelea mtoto, akauliza kama ni wa kike. Theodory akasema ndiyo, ni wa kike. Mzee akamtazama sana yule mtoto, akamfunika mguu uliotoka nje ya kanga, akachukua fimbo yake na kuondoka.