Koti la Mvua Juani

Kilichoanza kuniudhi ni kamba yangu ya kuanikia nguo. Nilitoka uani asubuhi na beseni la mashuka, nikakuta kamba haipo. Nusu yake alikuwa nayo mjukuu wangu, anaruka nayo kama chura aliyemwagiwa maji ya moto. Nusu ya pili ilikuwa imefungwa kwenye boriti ya kibaraza, imening'iniza gunia.

"Dada, usikasirike," mdogo wangu akaniwahi kabla sijafungua mdomo. "Jumamosi nakuletea kamba mpya."

Mdogo wangu huyu ni kinyozi, na watu wote humwita Kinyozi, hata mimi niliyembeba mgongoni. Ujanani alipigana ngumi ulingoni. Alishinda mara chache, alipigwa mara nyingi, na hizo za kupigwa hazisimulii. Mjukuu wangu ni mtoto wa binti yangu, nimemlea tangu anatambaa, na kwa wembamba wake mtaa mzima wanamwita Njiti. Alikuwa ametia nia ya kuwa askari. Usaili wa jeshi ulikuwa mwezi ule ule, na mwakani umri wanaoutaka ungekuwa umempita. Akikosa safari hii, ndiyo amekosa moja kwa moja.

Mbio alikuwa anaziweza. Kilichomtia hofu ni maneno ya vijana wenzake, eti huko kambini wembamba ndio wanaoonjwa kwa ngumi kwanza. Basi akamwendea babu yake Kinyozi amfundishe kujikinga, na babu yake akahamia uani kwangu.

Nililipapasa lile gunia. Lilikuwa laini namna ya kutisha.

"Humu umetia nini?"

"Nywele, dada. Mchanga unamvunja vidole mtu anayeanza."

"Nywele za nani?"

"Za wateja. Zimejaa kule dukani, nizitupe wapi?"

Nikatema mate pembeni. Nywele za vichwa vya watu, nisiojua wana nini, zinaning'inia mlangoni kwangu! Na kila Njiti alipopiga ngumi, gunia lilikohoa kwenye mishono, na upepo wa uani kwangu kawaida yake ni kuelekea jikoni. Nililishona gunia lile, nikalishona tena. Nikawa nachuja hata chai.

Glavu hawakuwa nazo. Mikono ya Njiti ilizungushiwa vitambaa, na nilipovitazama vizuri nikalitambua shuka langu la maua. Kinyozi naye alivaa kandambili zangu viganjani, ndizo za kupigwa ngumi. Mimi napika peku, wao wanapigana na kandambili.

"Kushoto! Kushoto, kulia! Rudisha mkono shavuni, unamwachia nani huko? Kidevu chini! Macho! Njiti, macho! Mbona unafumba kama bibi harusi?"

"Babu, yanajifumba yenyewe."

"Basi yaambie yajifumbue. Ngumi usiyoiona ndiyo inayokulaza. Dada, wewe unafua hapo, hebu mrushie maji ya povu usoni ayazoee."

"Simrushii mtoto wa watu povu machoni."

"Kidogo tu, dada."

"Kinyozi, niache nifue."

Akanibembeleza, akanisumbua, akasogea mpaka akakanyaga nguo nilizokwisha suuza. Hapo subira ikanitoka. Nilijaza kopo nikawamwagia wote wawili. Njiti akainama, maji yakapita juu yake, yote yakaishia kwa babu yake.

"Umeona?" Kinyozi akapiga kelele, povu linamtiririka puani. "Hakufumba! Dada, wewe ni mwalimu!"

Mimi nilikuwa na kazi yangu nyingine, nayo ni kumlisha. Siku moja tulipita kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye mizani mikubwa ya kusimama, Njiti akapanda.

"Mume wangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "jeshi wanataka uzito gani?"

"Wameweka kiwango, mke wangu, wanataka usipungue hapo. Mimi nimezidi kidogo, kama kuku mmoja hivi."

"Kuku mwenyewe kifaranga," Kinyozi akasema, akacheka. Alikuwepo, alisikia kwa masikio yake yote mawili. Naliandika hili makusudi, asije akalikana.

Basi ikabaki siku moja. Asubuhi hiyo nikaitwa kwa mpwa wangu aliyejifungua, nikamkandie mgongo na kumwogeshea mtoto. Nikawaachia wale wawili chakula kwenye sufuria, nikawaambia Njiti ale, anywe, alale. Maneno hayo yana ugumu gani?

Nilirudi alasiri, jua linachoma kama pasi. Kabla sijafika mlangoni nikasikia kamba inapiga chini, tap, tap, tap. Nikaingia. Njiti anaruka kamba katikati ya uani, amevaa koti la mvua la plastiki, vifungo mpaka kooni, na kofia ya sufu kichwani. Uso umemwiva. Kinyozi amekaa kwenye kigoda changu na taulo begani. Miguuni pake kuna kopo.

"Mnafanya nini?"

"Tunakausha, dada," akajibu kwa fahari. "Kesho si anapanda mizani?"

"Anapanda."

"Ndiyo hivyo. Tangu asubuhi hajagusa maji. Mate yote anatemea humu. Mwili unabaki msuli mtupu."

Nilifunua sufuria. Chakula nilichoacha kilikuwa vile vile nilivyokiacha. Nikaifunika taratibu, maana ningeifunika kwa nguvu ingepasuka.

"Kinyozi, mdogo wangu. Mabondia wanapimwa wasizidi. Jeshi wanapima mtu asipungue."

Akalivuta taulo begani. Nikamwona kabisa jambo limemwingia, likashuka mpaka tumboni. Lakini mtu aliyekwisha panda juu ya paa mbele ya watu, kushuka ni aibu.

"Mwili mkavu ndio unaokimbia," akasema. "Sijawahi kumpandisha bondia mizani na maji tumboni."

"Huyu si bondia!"

"Amefundishwa na nani?"

Nikaona natwanga maji kwenye kinu. Nikamgeukia Njiti.

"Vua hilo koti, mume wangu. Unywe maji."

Alimtazama babu yake kwanza, ndipo akanitazama mimi. Hilo liliniuma kuliko kamba na shuka kwa pamoja.

"Bibi, babu anasema nikinywa sasa mwili utavimba, mbio zitanishinda. Uzito usiwe na wasiwasi, si nimezidi?"

"Ulizidi kuku mmoja! Huyo kuku yuko wapi sasa? Umemtemea kwenye kopo!"

Kijana aliyeota ndevu huwezi kumbana pua ukamnywesha. Jioni alikula matonge mawili kuniridhisha mimi, akaenda kulala midomo imempasuka. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi sikubishana tena. Alfajiri niliamka nikapika uji mzito wa maziwa, nikautia sukari bila huruma, nikajaza ile chupa kubwa ya chai. Nikachukua ndizi mbivu na dumu dogo la maji, nikapanga vyote kapuni.

Kinyozi akaliona kapu. "Dada, tunakwenda kwenye usaili au tunakwenda shamba?"

"Wewe tangulia."

Usaili ulikuwa kwenye uwanja wa mpira. Sisi wa nyumbani tulizuiliwa nje ya uzio wa waya, vijana wakapangwa ndani safu ndefu. Kwanza mizani, halafu mbio. Kwenye mizani alikaa sajini mmoja mwanamke, mfupi, sauti yake inafika bila kupazwa. Njiti akavua viatu, akapanda. Sajini akatazama, akamwashiria ashuke.

"Umepungua. Kaa pembeni."

"Mizani mbovu hiyo!" Kinyozi akapayuka kutoka kwenye uzio.

"Mzee," sajini akasema bila kugeuka, "imepima watu tangu asubuhi, wewe ndiye wa kwanza kuujua ubovu wake." Kisha akawageukia vijana waliokaa pembeni. "Mliopungua mtarudia mara moja tu, safu hii ikiisha. Mkiitwa msipokuwepo, nendeni nyumbani."

Njiti akaja mpaka kwenye waya, viatu mkononi. Hakulia, lakini kidevu kilikuwa kinamcheza. Safu nyuma yake ilikuwa inasogea.

Maneno nilikuwa nayo, jamani. Mengine niliyatunga njiani. Nikamtazama Kinyozi, nikaona amekuwa mdogo kama siku zile za mgongoni, nikayameza. Nikamsukumia kapu.

"Haya. Fundisha."

Alishika ile chupa kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Halafu akapiga goti chini, taulo shingoni, akapitisha kikombe chini ya waya, na akawa mtu mwingine kabisa. Njiti alikaa chini upande wake, babu yake anampepea kwa taulo, kama wafanyavyo kwenye kona ya ulingo.

"Pumua kwa pua. Meza. Kidogo kidogo, wewe si ng'ombe. Tena. Usiitazame safu, safu naitazama mimi. Dada, ndizi! Tafuna. Maji sasa."

"Babu, nimeshiba."

"Hujashiba, umepigwa raundi moja tu. Kunywa."

Mimi namenya, yeye anamimina, mtoto anameza macho yamemtoka. Katikati ya hapo Kinyozi akaniambia kwa sauti ya chini, hanitazami, "Dada, nilijua. Jana uliposema tu nilijua. Lakini mimi nikisikia neno mizani, koo linanikauka lenyewe. Ndivyo nilivyolelewa ulingoni."

"Shika kikombe wima, unamwaga," nikamjibu. Mazoea yana taabu, lakini ule haukuwa wakati wa kumsamehe mtu.

Chupa ilikwisha, dumu likakwisha, ndizi zikabaki maganda. Wakaitwa. Njiti alisimama kwa uangalifu, kama amebeba mayai, tumbo limetangulia. Akapanda mizani. Sajini akatazama mshale, akalitazama lile tumbo kwenye mwili wa kijiti, akautazama tena mshale.

"Umekula nini?"

"Uji, afande."

"Mwingi?"

"Wote, afande."

Vijana wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Umefika. Nenda kwenye mbio. Ukitapika uwanjani kwangu utasafisha."

Filimbi ikalia. Wenzake wakatoka kama mshale, Njiti akatoka kama mama mjamzito anayewahi zahanati. Ule uji nilikuwa nausikia mpaka nilipo, naapa. Mstari wa kumalizia ulikuwa na askari wawili wameshika kamba, na kamba ile ikishushwa, aliye nyuma hana lake. Kinyozi akawa anakimbia nje ya uzio sambamba naye.

"Kidevu chini! Pua, Njiti, pua!"

Mimi nyuma yao na chupa tupu, na magoti haya. Taratibu mtoto akaanza kuwafikia wa nyuma, akawapita, mara pua, mara mdomo. Kwenye kona ya mwisho akajikuta bega kwa bega na jitu moja pana. Jitu likaona linapitwa, likatupa kiwiko usoni kwake. Nikafumba macho mimi. Yeye hakufumba. Aliinama tu kidogo, kama alivyoinamia lile kopo la povu, kiwiko kikapita juu, naye akapita chini. Alivuka mstari, na nyuma yake kidogo kamba ikashuka.

Kisha akatapika. Si mbali. Pembeni tu ya viatu vya sajini.

Sajini akaviangalia viatu vyake.

"Safisha. Ukimaliza, simama na waliopita."

Njiti akatupungia, hana kitambaa. Nikamwambia Kinyozi, "Mrushie taulo."

Kinyozi akalikumbatia lile taulo kifuani. "Taulo halirushwi, dada! Kwenye ngumi ukirusha taulo, bondia wako ameshindwa."

"Kinyozi!"

"Nuksi, dada! Mtoto amepita, nimtilie nuksi mimi?"

"Sajini anasubiri!"

"Nitazunguka getini nimpelekee mkononi."

Maji yalinifika shingoni. Nilimpokonya taulo, nikalikunja, nikalirusha juu ya waya kwa nguvu zangu zote zilizobaki. Likatua begani kwa Njiti. Kinyozi alifunika uso kwa mikono yake miwili, akachungulia kati ya vidole mpaka mtoto alipomaliza kusafisha na kusimama kwenye safu ya waliopita. Sajini akamsogelea, akamtazama juu mpaka chini, akampita. Hakumtoa.

Sasa Njiti yuko kambini. Ameandika kwamba waliomwonja walimwonja siku moja tu, na kwamba chakula ni kingi.

Gunia la nywele bado linaning'inia kibarazani. Kinyozi huja asubuhi kabla hajafungua duka, anakaa kwenye kigoda changu, anamwambia kila apitaye kwamba bila mafunzo yake yule kijana asingefika popote. Namwachia aseme. Akinyamaza namuuliza swali moja.

"Na kamba yangu?"

"Jumamosi, dada."

Ukweli ni kwamba ile nusu aliyokuwa anaruka nayo Njiti inanitosha. Nguo za kuanika siku hizi ni zangu peke yangu, na upande mmoja wa kamba unabaki mtupu. Lakini hilo sijamwambia, wala simwambii. Kamba yangu naitaka.