Siku Lyle Alipochagua Kupiga

Kwa miaka minne Lyle Kubicek alikuwa mtu wa mstari wa mbele katika timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, kazi yake kusukumana tu, na mpira hakuwahi kuushika hata mara moja. Ndiyo maana Kocha Hruska akampa unahodha wa mechi ya mwisho ya msimu, pamoja nami.

"Tukishinda kura ya sarafu, sema tunaahirisha kuchagua," Kocha alimwambia. "Tunaanza kwa kuwapigia wao mpira, halafu kipindi cha pili tunapokea sisi."

"Tunaahirisha," Lyle alirudia, jasho likimtiririka katika baridi ya Nebraska.

Katikati ya uwanja refa alirusha sarafu. Thayer, nahodha wa wageni, akataja kichwa. Sarafu ikalala chini, upande wa pili, wenye tai, ukiwa juu.

"Nyumbani mmeshinda. Mnasemaje?"

Lyle alimtazama refa, akamtazama mama yake jukwaani, akasema, "Tunapiga."

Nilimvuta mkono, lakini nilichelewa. Kwa kuwa alichagua kupiga badala ya kuahirisha, kipindi cha pili uamuzi wa kwanza ulikuwa wa wageni, nao bila shaka wangetaka kupokea. Tungewapa mpira mara mbili. Papo hapo wakachagua upande wenye upepo mgongoni.

"Asante kwa zawadi, bonge," Thayer alisema.

Kufikia mapumziko walikuwa wanaongoza kumi na mbili kwa saba. Lyle alimfuata Kocha.

"Kama tunapiga tena kwa sababu yangu, niweke na mimi kwenye wakimbiaji wa kuufuata mpira."

"Wewe? Utafika Jumatatu."

"Nitafika, Kocha."

Kocha alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Haya, nenda."

Wageni walichagua kupokea. Kocha alitaka upepo mgongoni robo ya mwisho, baada ya timu kubadilishana pande, kwa hiyo sasa tukapiga dhidi ya upepo. Mpira ulipaa, ukasita hewani, ukaanza kushuka mapema mno.

"Chukua wewe," mpokeaji mmoja akasema.

"Si wako?" akajibu mwenzake.

Ukaanguka katikati yao, ukaruka kurudi kwetu, na kwa sheria ulikuwa sasa wa yeyote atakayeuwahi. Wenzetu wenye mbio walikuwa wameshaupita. Aliyekuwa bado nyuma, akihema, ni Lyle. Akaulalia kwa mikono miwili, na watu tisa wakamlalia yeye.

Refa aliwaondoa mmoja mmoja mpaka akamfikia Lyle, amekumbatia mpira, macho ameyafumba. Majaribio manne baadaye tukavuka mstari wao na mpira, pointi sita, tukaongeza moja ya mkwaju, na mechi ikaisha kumi na nne kwa kumi na mbili.

Thayer alikuja kumpa mkono. "Niambie ukweli, bonge. Ulifanya makusudi?"

"Hapana. Niliogopa tu, neno likanipotea."

Wakacheka wote wawili mpaka Lyle akashika mbavu. Kisha baba yake akampandisha nyuma ya pikapu, akazunguka naye mji mzima akipiga honi, na watu wakatoka na leso za jikoni mikononi kumpungia.