Fuko wa Saiprasi

Tangu mvua ilipokatika, Nasambu hakuweza kutulia. Akipalilia mahindi, macho yake yalikuwa kwenye miche ya saiprasi iliyosimama katikati ya mistari. Mwaka uliopita ilimfika gotini. Sasa ilimfika kiunoni, na kila mtu kule juu ya Burnt Forest alijua sheria: miti ikifika kifuani mwa mwanamume, mwenye shamba anahama. Anapewa kipande kingine, ambako msitu wa zamani umekatwa juzi. Anachoma visiki, anapanda mahindi yake pamoja na miche ya serikali, kisha anangoja kufukuzwa tena na kivuli.

Mumewe Elphas, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, alilichukua jambo hilo kwa mzaha. Alisema wao ni ukoo wa fuko, kazi yao kuchimba na kuacha. Nasambu hakucheka. Kwenye kipande chao cha kwanza walimzika kifungua mimba wao. Siku aliyorudi kulisafisha kaburi alikuta saiprasi zimefunga, safu hii sawa na ile, chini hakuna hata nyasi. Alizunguka mpaka miguu ikamuuma, asilione. Sasa mtoto wao Nabwire alikuwa ameanza kutembea, na Nasambu aliapa kwamba huyu atakulia mahali pamoja.

Basi akaanza kupalilia kwa namna yake. Alizamisha jembe kando ya mche, akaukata mzizi mkuu chini ya udongo, kisha akashindilia kwa kisigino. Mche ulibaki wima. Baadaye ulianza kuwa mwekundu kama bati lenye kutu.

Nyapara Kiprotich alipita asubuhi moja, polepole, akigusa majani. Alikuwa mtu wa huku huku. Baba yake alitundika mizinga ya nyuki msituni kabla shoka la mzungu halijafika. Mti mmoja tu ulisalia, mtarakwa mnene kwenye mpaka wa shamba la Nasambu, na mzinga wenye alama ya ukoo wao ulikuwa bado juu. Kiprotich mwenyewe alimwomba bwana msitu, mzungu aliyesimamia miti ya serikali, auache uonyeshe mpaka.

Aling'oa mche mmoja. Ukatoka bila kubisha. Akautazama mzizi, ulipokatika sawasawa.

"Fuko wa hapa ana meno makali, Mama Nabwire."

Nasambu alikaza mkono kwenye mpini. "Mzee, tutafukuzwa?"

"Nitasema ni fuko. Shamba likikaa, mpaka utakaa, na nyuki wangu watakaa." Akautupa mche. "Lakini usimalize yote."

Nasambu alikusudia kumsikia. Ila kila mche aliouacha ulionekana kurefuka mgongo wake ukigeuka. Alikata mmoja, akakata jirani yake, akarudi kwa wa mwisho. Mahindi yalipokauka, safu zote zilikuwa nyekundu.

Bwana msitu aliagiza mitego. Haikunasa hata fuko mmoja. Hakumshuku mtu. Aliinama, akachota udongo, akaunusa, akasema ardhi hii imekataa miti. Aliporudi tena, alikuwa na mzungu mwingine kutoka upande wa Soy, aliyekuwa akitafuta mahali pa kulima ngano.

Kiprotich ndiye aliyetumwa kumpa Nasambu habari. Ardhi amepewa yule mzungu wa ngano; wavune, waondoke.

"Hawezi kutuachia kona?" Nasambu aliuliza. "Tutamlimia."

"Hataki watu. Ana trekta."

Mtarakwa nao haukuombewa tena, maana hapakuwa na mpaka wa kuonyesha. Siku ya kuhama, Kiprotich alipanda mtini na moshi, akateremsha mzinga kwa kamba. Mnyororo wa trekta ulikuwa tayari umezungushwa kwenye shina. Alisimama na ule mzinga begani, nyuki wachache wakimzunguka kichwa, akitazama vilima vilivyofunikwa na saiprasi kila upande.

Nasambu alikuwa akipanga sufuria kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alisogeza gunia, akasogeza jiwe la kusagia, nafasi ikapatikana.

"Mzee, nilimaliza yote."

"Niliona," Kiprotich alisema, akaulaza mzinga kando ya jiwe. "Huko mnakokwenda, wameacha mti?"

Elphas hakuwa na mzaha. Nasambu alimfunga Nabwire mgongoni, akautazama mnyororo ukikazika, kisha akashika njia kabla ng'ombe hawajaanza kutembea.